Uyoga Ukutani mwa Kanisa

Jumapili ya pili ya Machi tulipoingia kanisani, ukuta mpya nyuma ya mimbari ulikuwa umeota uyoga. Masikio meupe, mapana kama viganja, yamejipanga juu ya kichwa cha mchungaji. Wanakwaya walijiuma midomo wasicheke. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana ukuta ule niliuotesha mimi.

Kiwandani kwetu, hapa mjini Ba, katika visiwa vyetu vya miwa, tunashindilia makapi ya miwa kwenye fremu pamoja na mbegu ya uyoga. Baada ya siku kumi nyuzi zake zimeyashika makapi yote, umepata kibao chepesi na kigumu. Kisha kibao kinakaa tanurini kutwa nzima mpaka uyoga ufe. Usipokufa, siku ukuta ukipata unyevu utazaa tu. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo, sembuse mimi msimamizi.

Tanuri ni kazi ya Permal. Jumamosi moja mwezi Februari alipakia vibao vya kanisa asubuhi, na saa sita akanipa ufunguo, kwa kuwa familia yake ilikuwa na ibada hekaluni.

"Nakuachia, dada Vili. Usifungue kabla ya jioni."

"Nenda bwana, kwani mimi mgeni hapa?"

Hata hajafika barabarani, baba mdogo Semisi akaingia na magunia manne ya mizizi mibichi ya kava, ile tunayoikausha na kuisaga iwe kinywaji cha msibani. Mvua ilikuwa haijakatika wiki mbili, na msiba wa bibi yetu ulikuwa Jumatatu. Msiba bila kava ni aibu ya ukoo mzima.

"Mwanangu, hilo jiko lako lina nafasi?"

"Lina vibao vya kanisa, baba mdogo."

"Vibao! Vina haraka gani? Bibi yako ndiye anayezikwa, au vibao?"

Kwetu ndugu akiomba, humwambii hapana. Nilitoa vibao vikiwa vimeiva nusu, nikapunguza moto, nikaanika kava. Ningeweza kuvirudisha baadaye. Sikuvirudisha, nilichoka. Jumanne, baada ya mazishi, Permal aliuliza kama vimeiva, nikamwambia vimeiva.

Sasa uyoga ulipoota, mkurugenzi alituita sote uani. "Nani alichoma vibao hivi?"

Permal alinitazama. Alikuwa ananipa nafasi, nilijua kabisa.

"Tanuri ni la Permal," nikasema.

Hakubisha. Alivua glavu, akaziweka juu ya ndoo, akaenda nyumbani akiwa amefukuzwa kazi. Miaka sita tulikula chakula cha mchana pamoja, chapati zake za roti na mihogo yangu, na nilimuuza kwa maneno manne. Huko kijijini watu wakapata kichekesho: "Leo Permal katupikia supu ya ukuta!" Na mimi nilicheka nao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wiki mbili sikulala vizuri. Mwishowe nilimweleza baba mdogo, naye akatoa jino la nyangumi la ukoo, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha mzito. Tulikwenda kwa Permal, tukaketi chini mkekani, vichwa vimeinama, baba mdogo akaomba msamaha kwa niaba yangu kama desturi yetu inavyotaka.

Permal alilipokea jino kwa mikono miwili.

"Nimelipokea, mzee." Halafu akanigeukia. "Tanuri lilinuka kava wiki nzima, dada. Unadhani sina pua?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Halafu leo umekuja kusemea hapa mkekani kwangu. Walionicheka wako hapa?"

Hawakuwapo. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, chini ya ukuta uliokwanguliwa, mkurugenzi akiwa benchi la pili, nikasema yote: kava, vibao, maneno yangu manne. Safari hii hakuna aliyecheka.

Permal alirudishwa kazini. Mimi niliondolewa usimamizi, sasa nashindilia makapi, na ni haki yangu. Tunasalimiana vizuri. Mchana bado ananikatia kipande cha roti.

Lakini Jumamosi akienda hekaluni, anazima tanuri, anafunga mlango, na ufunguo anautia mfukoni mwake mbele ya macho yangu.