Swali la Pili

Jumatatu asubuhi Damari alikuwa akinyoosha kwa pasi ya mkaa suti ya kuazima, mali ya mwinjilisti Zefania. Mumewe, Chediel, alisimama mbele ya kioo cha kabati akiwa na singlendi, akijisomea maswali matano yaliyokuja na barua ya televisheni. Wageni hao wa televisheni wangefika kijijini Ihanja siku ya Alhamisi. Ulikuwa mwaka ule uliofuata mvua za El Niño, nao walikuwa wakizunguka mikoani kutafuta wenye viwanda vidogo, nchi nzima ione kwamba soko huria linazaa. Mtu fulani alikuwa amewatajia mashine ya kukamua alizeti iliyoko kando ya barabara kuu.

Swali la kwanza lilitaka jina na mahali pa kuzaliwa. Chediel alilijibu vizuri, kwa sauti yake nzito. Swali la pili liliuliza: ulianzaje biashara hii?

"Nilianza na kuku kumi na wanane," alisema Chediel, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Damari.

Haikuwa sauti ya kufanana nayo. Ilikuwa yenyewe, pamoja na ule mkwaruzo ulioachwa na surua ya utotoni. "Niliwauza kwa madereva wa malori, mmoja mmoja, mpaka nikapata kinu cha mkono."

Chediel akafumba mdomo. Damari alipotaka kumwambia arudie, koo lake halikutoa kitu, kwa kuwa sauti ilikuwa bado haijarudi. Aliweka pasi juu ya kigae akangoja. Mumewe alipoingia swali la tatu, la ushauri kwa vijana, akasema wasikae vijiweni, kila sauti ilirudi kwa mwenyewe.

"Rudia la pili," alisema Damari.

Alirudia. Ikawa vilevile. Alijaribu kusema "tulianza", mdomo wake ukasema "nilianza".

Dorkas, mama yake Chediel, aliyekuwa akichambua mchicha kizingitini, alisema lisiwasumbue. Huyu alipokuwa na miaka sita aliwahi kulia kama beberu kwa wiki nzima, na likapita. Akaagiza tangawizi.

Tangawizi ilinywewa Jumatatu na Jumanne. Chediel hakutulia. Alihamisha benchi la wageni mara tatu, akapaka mlango wa mashine rangi ya bluu ambayo ilikataa kukauka, akawa anatoka barabarani kila gari lilipopunguza mwendo. Kila aliporudi alijaribu tena swali la pili, na kila alipojaribu, Damari, popote alipokuwa, aliishia katikati ya neno. Jumanne mchana alikuwa akimwambia mkulima wa Ulemo kwamba alizeti yake bado mbichi. Alifika kwenye "bado" tu. Mkulima alisubiri kwa adabu.

Kuku kumi na wanane walikuwa wa kweli. Mwaka tisini na mbili Chediel alikuwa Mererani akitafuta mawe ya tanzanaiti, hatumi hata salamu. Damari alinunua kinu cha mkono, na mwaka uliofuata akanunua mashine ya dizeli. Alipokwenda kukata leseni, karani alimuuliza mkuu wa kaya anaitwa nani, akaandika jina hilo. Damari hakubishana. Foleni ilikuwa ndefu, na Eliana, mtoto wao, alikuwa mgongoni na homa. Chediel alirudi mwaka tisini na tano akiwa na redio na kikohozi, akakuta leseni ukutani yenye jina lake.

Jumatano jioni Damari alisema, "Baba Eliana, niache nijibu mimi hilo moja."

Chediel alitazama mikono yake. "Watu watasema nini? Kwamba nilirudi nikakalia kiti cha mwanamke?"

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo," alisema Chediel. "Lakini haijawahi kusemwa."

Alhamisi saa nne wageni wakafika: mtangazaji, mpiga picha na fundi wa sauti. Chediel alikaa kwenye benchi na suti ya Zefania. Lilipofika swali la pili, sauti ya Damari ilisimulia kuku, kinu, dizeli, hata homa ya mtoto kwenye foleni. Fundi wa sauti alisikiliza kwa makini, akavua visikilizio.

"Sauti imeingia safi," alisema. "Ila ni ya yule mama pale. Kwa nini tusimuulize yeye?"

Damari alinyoosha mkono kama mwanafunzi. Chediel alikuwa bado akisimulia mashine, kwa hiyo Damari hakuwa na sauti ya kusemea.

Mtangazaji alichungulia karatasi zake. "Barua ina jina la Chediel. Leseni pia. Tutatafuta mtu Dar es Salaam asome jibu hilo upya kwa sauti yake." Akamtabasamia Damari kwa upole, akamwomba amimine mafuta kwenye debe, wapate picha.

Kipindi kilirushwa baada ya wiki tatu. Watu wa Ihanja walikitazama dukani kwa Simeoni, kwenye televisheni ya betri ya gari. Chediel alionekana akifungua mdomo, na mwanamume mwenye lafudhi ya pwani akasema alianza peke yake kwa jasho lake. Damari alionekana akimimina, na maandishi chini yake yalisema: mke wa mjasiriamali akimsaidia mumewe. Watu walisema mafuta yametoka vizuri.

Baada ya hapo wateja waliongezeka. Chediel aliitwa kwenye semina Singida mjini, akaitwa Nduguti pia, na nyumbani wageni walitaka kusikia ilivyoanza. Alizungumzia mashine tangu chai mpaka machweo, na sauti ya mkewe ilimkaa sawasawa. Damari alijipangia. Aliamka alfajiri, kabla ya mumewe, akaongea yote ya siku: akamsalimia Dorkas, akamkanya Eliana, akamwagiza fundi mashine.

Alfajiri moja alikuja mzee Alute kutoka kijiji cha jirani, na punda mwenye magunia mawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenye mashine yupo?"

Damari alikuwa na sauti yake yote, safi, na hapakuwa na mwingine uani.

"Bado amelala," alisema, akafungua mdomo wa gunia aone alizeti.