Kifungo cha Fundi Breki

Kitendawili!

Tega!

Ana macho manne na haoni. Akitoroka, mwenye nyumba haendi sokoni.

Haya, kaeni na jibu lenu hapo mdomoni, msilimeze bado. Tutalihitaji tukifika chini ya mlima.

Maana hadithi hii inashuka. Inaanzia juu kabisa, kwenye chumba cha Bibi Pindo mshona nguo, na kuishia chini kabisa, kwenye kituo cha basi. Katikati ipo barabara ya mawe iliyopangwa na watu ambao hata makaburi yao hayajulikani tena, imejipinda na kujikunja kama utepe ulioanguka mezani. Mji umeota kila upande wake, maghorofa ya vioo yamesogeleana hadi jua lenyewe huomba njia, lakini barabara ile imebaki vile vile. Mwinuko wake si wa mchezo. Siku moja wakubwa wa mji walikuja na nyundo wakapigilia kibao: "Njia ya Kale. Magari Hayaruhusiwi." Watu wa mlimani walicheka mpaka wakashika mbavu. Gari gani? Hata mbuzi akipanda pale hupumzika katikati.

Nyumba za mlimani zimepandana, paa la huyu ndilo baraza la yule. Kwa hiyo hakuna anayechosha magoti yake kwa kitu kidogo. Mtu hufunga kikapu kwenye kamba, akakishusha dirishani hadi kwa jirani wa chini. Jirani akakifungua, akakining'iniza kwenye kamba yake, kikaendelea na safari. Na ipo desturi moja iliyorithiwa pamoja na mawe yale: kikapu hakipiti bure. Mkono wowote unaokishika lazima ukaze kilicholegea. Mfuniko umekaa upande? Ukaze. Mpini unachungulia? Ufunge uzi. Ndiyo maana kitu kikitoka juu kibovu, hufika chini kizima.

Vitendawili navyo vilipita njia hiyo hiyo. Asubuhi Bibi Pindo huchungulia dirishani na kutega, dobi akakipokea na kumpa kinyozi, kinyozi akampasia nesi, mpaka kikafika kwa Fundi Breki, mtengeneza baiskeli aliyekaa chini kabisa, na ambaye jina lile alilipata kwa sababu hakuna baiskeli iliyoshuka mlima ule ikamfikia na breki zake. Jioni jibu hupanda, mdomo kwa mdomo. Alikuwa hakosi, mzee yule. Na Bibi Pindo, mjane wa miaka mingi, alianza kujikuta anachana nywele kabla ya kwenda dirishani kusubiri jibu.

Siku moja alishuka kununua uzi. Fundi Breki akaweka gurudumu chini, akajifuta mikono.

"Bibi Pindo, leo natega mimi."

"Tega."

"Mzee ana sufuria moja, kijiko kimoja, na redio. Asubuhi redio ndiyo humsalimia. Mzee ameichoka redio."

"Rahisi hicho," akasema Bibi Pindo. "Anunue televisheni."

"Bibi!"

Akamtazama, akaona masikio ya mzee wa watu yamemwiva. "Kumbe unatega kweli," akasema polepole.

"Nategea nyumba nzima. Sasa sikiliza, usinijibu hapa. Hapa ukinong'ona, kinyozi anaitikia. Kesho nitakuletea kwa kikapu suruali yangu ya kutokea. Kifungo cha kiunoni nimekikata mwenyewe, kimo mfukoni. Kama hunitaki, kishone, uirudishe. Nitaelewa, wala hatutasemana. Mwanangu wa ng'ambo ya mji ananiita kila siku nikaishi naye. Nitakwenda kimya kimya, mlima usije ukanionea huruma. Lakini kama unanitaka, usikishone. Nirudishie suruali vile vile. Nitapanda mlima huu mkono kiunoni, nije nishonewe na mke wangu."

Bibi Pindo alipanda ule mwinuko bila kupumzika hata mara moja. Alifika juu ndipo akakumbuka kwamba uzi hakununua.

Siku iliyofuata suruali ikaja, ikavutwa kamba kwa kamba, na kwa kuwa ilikuwa inakwenda kwa mshona nguo, hakuna aliyeigusa. Aliipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Akakitoa kile kifungo cheusi mfukoni, akakirudisha, akacheka peke yake kama msichana. Akaiweka kikapuni, akaishusha kwa dobi. Kisha akavaa gauni lake la maua, akapanga vikombe viwili mezani, akaketi dirishani.

Akaketi. Jua likahama kutoka ghorofa hili la kioo kwenda lile. Chai ikapoa, akaipasha, ikapoa tena.

"Ameteleza njiani," akajiambia. Baadaye akasema, "Anaoga." Mwisho akanyanyuka, mikono kiunoni. "Huyu mzee ananichezea! Mimi na umri wangu, nimejipaka wanja!"

Hapo ndipo alipoingia barabarani Mama Nyanya, mwanamke wa miraba minne ambaye kila alasiri alisukuma mkokoteni hadi juu kabisa, akauza nyanya akiteremka.

"Bibi, umependeza! Unakwenda kumuaga?"

"Kumuaga nani?"

"Fundi Breki. Nimemwacha kituoni na begi lake. Kafunga duka. Anasema anahamia kwa mwanawe. Na kavaa, usiniulize! Suruali ile kali, kifungo kinang'aa."

Bibi Pindo alishika fremu ya dirisha. "Kifungo kipi?"

"Cheusi. Hapa kiunoni."

"Sijashona kifungo mimi!"

"Basi kimeshonwa, bibi. Nimekiona kwa macho yangu."

Kwa kufumba na kufumbua mambo yote yakamjia Bibi Pindo kichwani: kikapu, mikono, desturi. Mlima wote umeikaza suruali! Akatazama chini. Mbali, kati ya maghorofa mawili, basi lilikuwa linakata kona kuingia barabara kuu.

"Mama Nyanya," akasema, "mkokoteni huo una breki?"

"Unazo. Kafunga mwenyewe Fundi."

"Shusha nyanya."

"Bibi, una wazimu?"

"Ninao. Shusha nyanya, nipande!"

Nyanya nusu zilishuka, nusu zikabaki, na Bibi Pindo akapanda juu ya zilizobaki, gauni la maua kalikusanya magotini, mkasi wake mdogo ukiruka-ruka kifuani kwenye utepe wake. Mama Nyanya akashika mpini kwa nyuma. Mkokoteni ukatoa kishindo kimoja, ukaanza kuteremka barabara ya kale kana kwamba mawe yale yalipangwa kwa ajili ya siku hiyo tu.

"Nani kashona kifungo?" Bibi Pindo akapiga kelele walipokata kona ya kwanza.

Dobi alikuwa anaanika mashuka. "Mimi niliweka pini tu, shoga! Nilisema huyu leo kasahau, nikusitiri!"

"Mmeniua kwa wema wenu!"

"Kwani kuna nini?"

"Ananioa!"

Dobi akatupa shuka, akaanza kukimbia nyuma ya mkokoteni, povu la sabuni likiruka kwenye viwiko.

Kwenye kona ya pili kinyozi alitoka na wembe mkononi. "Pini nimeitoa mimi! Ingemchoma tumboni! Nikampa nesi!" Naye akakimbia, na mteja wake akafuata na kitambaa shingoni, ndevu upande mmoja zipo, upande wa pili hazipo. "Usiniache hivi, bwana! Nitaendaje kazini?"

Nesi alikuwa anajiandaa kwa zamu ya usiku, amekaa mlangoni na miguu ndani ya beseni. "Mimi nimekishona, bibi yangu!" akasema kwa fahari. "Nilikikuta mfukoni. Nimetumia uzi wa kushonea vidonda, mafundo ya hospitali. Hata trekta halikitoi!"

"Ungekiacha, mwanangu! Kile kifungo ndicho jibu!"

Nesi akasimama ndani ya beseni, mkono mdomoni. Kisha akatoka, naye mbio, akiacha nyayo za maji juu ya mawe.

Chini, basi lilikuwa limesimama. Watu walikuwa wanaingia mmoja mmoja, na wa mwisho wao, mwenye kofia na begi lililofungwa kwa tyubu ya baiskeli, alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Fundi!" akaita Bibi Pindo. Magari ya barabara kuu yalimeza sauti yake. "Fundiii!" Wapi.

"Mama Nyanya, funga breki!"

"Nikifunga hapa zitapiga kelele, bibi, hizi hulia kama nguruwe!"

"Ndicho ninachotaka! Funga!"

Mama Nyanya akakanyaga. Breki zikalia. Zililia mpaka wafanyakazi wa maghorofani wakasogea viooni, mpaka dereva wa basi akaziba sikio. Na mzee mwenye kofia akaganda pale ngazini, akainua kichwa kama mtu aliyeitwa na mtoto wake.

"Hizo breki zangu," akasema. "Nani amezikaza vibaya namna hiyo?"

Akageuka. Mbele yake ulisimama mkokoteni, na ndani yake mshona nguo aliyelowa nyanya tangu kiunoni hadi vidoleni, na nyuma yake dobi, kinyozi, nusu ya ndevu, na nesi asiye na viatu, wote wakihema.

"Bibi Pindo," akasema kwa upole. "Umenijibu. Haikuwa lazima uje kuniaga."

"Nyamaza. Teremka hapo."

Akateremka. Bibi Pindo akashuka kutoka kwenye mkokoteni, akaushika mkasi wake, akashika kiuno cha suruali mbele ya kituo kizima, akakata. Uzi haukukatika. Akakata tena. Akamgeukia nesi.

"Mwanangu, hospitali yenu hushona watu au hushona meli?"

"Kata pembeni ya fundo, bibi. Pembeni!"

Mkasi ukalia *ka!* Kifungo kikaruka, kikagonga ubavu wa basi, kikabingirika kando ya barabara mpaka kikasimama kwenye kiatu cha kinyozi. Suruali nayo ikaonyesha dalili za kwenda safari yake. Fundi Breki akaidaka kwa mkono, akakitazama kifungo, akamtazama Bibi Pindo, na taratibu, kama taa inayowashwa kwenye chumba kimoja baada ya kingine, uso wake ukaelewa.

"Hukushona wewe."

"Sikushona."

"Ni mlima."

"Ni mlima, mzee wangu. Umetukaza."

Kinyozi alianza kucheka kwanza, kisha dobi, kisha watu wa basini wasiojua hata kinachochekesha. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, unapanda au hupandi?"

"Napanda," akasema Fundi Breki, akauelekea mlima.

Alipanda kama alivyoahidi, mkono mmoja kiunoni. Ule wa pili ulikuwa ndani ya mkono wa Bibi Pindo, unanata nyanya. Begi walilipeleka kwa vikapu, na kila mkono uliolishika ulifanya kazi yake, kwa hiyo lilipofika juu zipu ilikuwa inafunga, ile tyubu imeondolewa, na ndani kulikuwa na sabuni ya dobi na kijiko cha pili ambacho hakuna aliyekiri kukitia. Redio ilibaki chini. Fundi alisema atairudia siku nyingine, hana haraka nayo.

Chumbani, Bibi Pindo aliipasha chai kwa mara ya tatu. Akatunga uzi kwenye sindano, uzi wa kawaida, akapiga goti.

"Kitendawili," akasema Fundi Breki, amesimama wima kama askari. "Ana macho manne na haoni; akitoroka, mwenye nyumba haendi sokoni."

"Kifungo," akajibu Bibi Pindo. "Na usichekecheke, nitakuchoma."

Ninyi nanyi limezeni jibu lenu sasa.