Ulimi wa Pascaline

Watu wa Kabambare miaka ile ya Wabelgiji walijua kila kitu, na ubaya wao ulikuwa huo. Pascaline, mtoto wa Régina, alitimiza miaka sita bila kumwita mtu mama, na kila jirani alikuwa na sababu yake tayari. Huyu alisema mizimu. Yule alisema Régina alikula mayai akiwa na mimba. Mama mkwe wake, Bibi Véronique, alishika neno moja akaling'ang'ania: kamba ya chini ya ulimi ni fupi, ikatwe kwa wembe, maneno yatatoka yenyewe. Grégoire, mume wa Régina, hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Alisema tu, nenda kwanza Kasongo kwa munganga wa Wazungu. Akikuta ugonjwa tutamsikiliza. Asipokuta kitu, mama atakata.

Basi Régina akafunga mihogo na nguo ndani ya kitenge, akamshika mtoto mkono, wakaenda.

Njia ile baadaye aliikumbuka kama ndoto ya alfajiri. Ukungu wa mto Lwama ulipanda mpaka magotini, kisha mpaka kifuani, na Pascaline akatembea ndani yake mikono wazi, akiimba wimbo usio na maneno. Mara akasimama kutazama mwanga ukipita kati ya majani ya michikichi, akasahau miguu, akasahau njia. Ukimvuta, alipiga kelele mpaka watu watoke mashambani. Ukingoja, ulianza kuuona na wewe: vumbi linang'aa, linashuka polepole, linapanda tena, halifiki chini. Régina alisimama humo hata asijue kama ni asubuhi au jioni, na moyo wake, jamani, ulitulia. Alimpenda mtoto huyu kupita kiasi.

Lakini humpeleki mtoto mbele ya mkubwa bila salamu. Kwao mtoto asiyesalimu ni aibu ya mama yake, na Régina aibu alikuwa ameshakula ya kumtosha. Kwa hiyo kila walipopumzika alimfundisha: piga goti, piga makofi mawili ya pole pole, sema, Jambo bwana. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili goti tu. Siku ya nne, kwenye kivuko, Pascaline akapiga goti, akapiga makofi, akasema, "Jambo bwana," kwa sauti nyembamba safi. Régina akaketi chini mchangani akalia kwa furaha. Tangu hapo mtoto hakuchoka kurudia, na mama hakuchoka kusikia.

Hospitali ya Kasongo ilikuwa na kuta nyeupe na harufu ya dawa iliyomlegeza mtu macho. Walikaa barazani tangu asubuhi, mwanga ukitembea taratibu sakafuni kutoka miguu ya huyu kwenda miguu ya yule, mpaka Placide, msaidizi wa daktari, alipowaita.

Siku hiyo daktari alikuwa ameng'atwa vidole na watoto wawili. Pascaline akapiga goti mbele yake, akapiga makofi, akasalimu. Mzungu akacheka kwa raha. Akampapasa shingo kutafuta tezi za ugonjwa wa usingizi, akamtazama masikio, akamtazama mdomo, na mtoto akatulia tuli, macho kwenye kioo cha dirisha. Régina alianza kueleza, daktari akamkatiza kwa upole, akasema kwa Kiswahili chake kwamba mtoto huyu iko muzima, tena mwenye adabu kuliko wote wa leo. Akaandika, akampa karatasi.

Régina alitoka kifua mbele. Adabu kuliko wote! Alifika ngazi ya mwisho ya baraza ndipo akili ikamrudia. Mzima. Asipokuta kitu, mama atakata. Ole wake, alikuwa amemfundisha mtoto njia nzima kwenda kwenye wembe.

Aligeuka. Aliwapita waliopanga mstari, wakamtukana, akampita Placide aliyenyoosha mkono kumzuia. Daktari alikuwa amesimama kabatini, amewapa mgongo. Régina hakumngoja ageuke. Alimsimamisha Pascaline mbele ya kiti kitupu.

Mtoto akapiga goti mbele ya kiti. Akapiga makofi mawili. "Jambo bwana," akakiambia.

Daktari aligeuka, akaweka chupa chini.

"Nilikudanganya, bwana munganga," Régina akasema. "Ile salamu ni yangu. Yake mwenyewe hana. Niulize mimi."

Daktari akamuuliza. Alikaa chini sakafuni karibu na mtoto, akauliza anapenda nini, anaogopa nini, analala vipi, na Régina akasema yote, mpaka ya ukungu na vumbi la mwanga, ambayo hakuwahi kumwambia mtu kwa kuogopa kuchekwa. Mzungu hakucheka. Akamtazama tena mtoto chini ya ulimi, safari hii muda mrefu.

"Ulimi hauna kosa," akasema mwishoni. "Nitaandika usikatwe. Anasikia, na tena iko na akili. Lakini ni kitu gani hiki, mama, mimi sijui. Jina lake sina."

Placide, aliyewafuata mpaka mlangoni, akainamisha macho. Hakuwahi kumsikia Mzungu akitamka neno "sijui".

Miaka sita, na huyu ndiye mtu wa kwanza kumwambia Régina kwamba hajui. Kwa nini basi kifua chake kilikuwa chepesi namna hii? Akairudisha karatasi kwa mikono miwili.

"Andika na hiyo, bwana. Andika kwamba hujui. Kule kwetu wote wanajua."

Daktari akachukua kalamu, akaandika.