Kitu Kipya Kutoka Kalemie

Haya, wewe uliyevuta mkeka, nikutegee: wamelala kwa mistari, hawaishi kuhesabika, ukimwambia mmoja geuka, wote wanageuka. Ni nani hao?

Usiseme samaki. Samaki wa mji wetu wa Baraka, mpenzi wangu, hageuki mpaka mkono umguse.

Hata Bibi Waridi alishindwa, yeye aliyemlea Nadia kwa vitendawili na uji. Mjukuu alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Ni namba, Bibi. Unazipanga safu ndani ya ordinatere, hii kompyuta yangu, unasema neno moja tu, zote zinafuata. Lakini mashine yangu haijafundishwa. Inataka kwanza maktaba."

"Vitabu tena?"

"Hapana. Ni mafundisho ya hesabu, wengine waliisha kuyaandika. Unayaingiza ndani ya mashine, nayo inayatumia. Jina lake NumPy."

"Jina la mutoto wa wazungu hilo," Bibi akasema, na kuendelea kupasua migebuka, wale samaki wa ziwani.

Nadia alikuwa amemaliza shule, na mbele yake aliona kichanja cha kuanikia samaki, basi. Kisha akasikia kwamba kituo kimoja Bukavu kinapokea vijana, kinawafundisha kuandika programu kwa lugha ya mashine iitwayo Python na kuwapa pa kulala, bila malipo. Mtihani wa kuingia ulikuwa kupiga hesabu ya samaki wa mwaka mzima kwa NumPy, na kutuma picha ya kioo cha mashine ikionyesha hesabu inavyotembea. Mwisho Ijumaa, saa ya adhana ya mchana. Asiyetuma, nafasi yake inapewa mwingine.

"Na mashine ikikataa, mukewenza wangu," Bibi akauliza, kwa utani wa bibi na mjukuu, "utafanya nini?"

Nadia akaanza kufuta kioo kwa upindo wa kitenge, kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Mashine yenyewe ilikuwa nzee. Ilitoka kwenye ofisi moja ya kambi ya wakimbizi ya Lusenda, siku ofisi ilipofungwa na vitu vikagawiwa. Nadia aliipeleka nyuma ya msikiti, ambako mtandao hushika kidogo, akaanza kuivuta ile NumPy kwa simu. Ilifika katikati, ikakatika. Akarudia, ikaanza mwanzo, ikakatika palepale.

Basi akafanya kama wanavyofanya watu wa Baraka wakitaka filamu au nyimbo: aliomba iletwe na boti, ndani ya flashi. Alimpigia Kassimu, mtoto wa mjomba wake, anayesoma Kalemie.

"Uniletee ya mupya, Kassimu. Mupya kabisa, unasikia? Usinitumie masalio."

"Ya mupya!" Bibi akapaza sauti kutoka jikoni, maana vitu vinavyofika Baraka vimeisha kuchoka kwa watu wengine: matairi, simu, hata viatu vya arusi.

Boti lilikwama njiani, Kazimia, kwa sababu ya mawimbi, na flashi ikafika Alhamisi jioni, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya gunia la vitunguu. Asubuhi ya Ijumaa Nadia akaichomeka, akaandika amri kama somo lilivyosema. Maandishi mekundu yakajaa: faili hii haifai kwa mashine hii. Akaandika tena, polepole, herufi kwa herufi. Mekundu tena.

Akampigia Kassimu.

"Python yako ni toleo la namba gani, dada?"

"Tatu nukta nane. Mashine hii haikubali nyingine ya juu."

Hapo Kassimu akaelewa. "Ah, dada. Mi nilikuletea NumPy ya mwaka huu. Hiyo haikai kwa Python ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa palepale, nikaiacha."

"Juu ya nini uliiacha?"

"We ulisema mupya! Na Bibi akapiga kelele!"

"Nani anaombaka kitu ya zamani, Kassimu?"

Boti lingine lilikuwa la wiki ijayo. Nadia akakimbia nyuma ya msikiti na mashine kifuani, akajaribu kuivuta ile ya zamani. Ilifika katikati. Alikuwa anakitazama kile kimstari cha kuonyesha faili imefika wapi, kimesimama, wakati spika za juu ya kichwa chake zilipokohoa, na adhana ikaanza.

Akakaa pale mpaka wanaume walipotoka kuswali. Kisha akarudi nyumbani, akaifunga mashine ndani ya kitenge kama mtu anavyofunga nguo za marehemu, akaisukuma chini ya kitanda.

Bibi Waridi alikuwa kwenye kichanja. Alimwona uso. Akasogea kidogo kumpa nafasi.

Jua lilikuwa kali, migebuka imekauka upande mmoja. Nadia akashika wa kwanza mkiani, akamgeuza. Akamgeuza wa pili. Mstari ulifika hadi ukutani.

"Nitageuza moja moja, Bibi," akasema. "Ulikuwa umeniuliza, mashine ikikataa."