Mzee Semboja Akataa Minyoo

Sadala alipogundulika ana presha, kijiji kizima cha Kwedizinga kilianza kumheshimu. Msikitini aliwekewa kiti. Mazikoni hakuna aliyemtazamia ashike jembe. Jirani yake Semboja, mkulima wa mahindi mwenye miaka hamsini na nane na afya ya kuchosha, aliyaona hayo yote na yakamkaa moyoni.

Kwa hiyo tumbo lilipoanza kumsokota, hakusikitika sana. Alivaa kanzu safi akaenda zahanati. Mganga wa pale, kijana aitwaye Castory, alipima choo chake kisha akamletea vidonge.

"Ni minyoo tu, mzee. Tafuna hivi."

"Minyoo? Mimi?"

"Inampata mtu yeyote."

"Wenye minyoo ni wajukuu zangu," alisema Semboja. Njiani akavitupa vidonge kwenye shamba la mihogo.

Kesho yake alipanda basi kwenda Korogwe kutafuta ugonjwa unaolingana na umri wake. Alipimwa damu, akapimwa mkojo, akapigwa picha ya tumbo. Daktari, mama mmoja mpole, alimwambia moyo wake ni wa kijana na ini halina doa. Kisha akamwandikia dawa ya minyoo.

Aliporudi, mkewe Mwantumu alimuuliza wamesemaje. Semboja aliketi taratibu, mkono tumboni.

"Wamepima kila kitu, mama Yusra. Vipimo vyao vimeishia hapo."

Kufikia alasiri kijiji kizima kilijua kwamba hospitali imeshindwa. Wageni wakamiminika, nao walikuwa na hamu yao. Hakuna aliyetaka kusikia habari za nafuu. Kila mmoja alikuja na marehemu wake ambaye tumbo lilimwanza hivyo hivyo. Semboja naye hakuwaangusha. Jumatatu tumbo lilisokota, Jumatano likawaka moto, Ijumaa likawa linatembea. Walileta kuku, wakakubaliana kuwa tumbo kama lile halistahimili nyama, wakawala wenyewe. Mgonjwa alipewa uji usio na chumvi.

Sadala alikaa kwenye mkeka muda mrefu, uso umemshuka. Siku nne hakuna aliyemuuliza habari za presha yake.

"Mimi leo kichwa kinagonga," alisema. Hakuna aliyegeuka.

Wiki ya pili akaja Awadhi, mdogo wake Semboja, kutoka Mazinde.

"Kaka, tuzungumze lile shamba la bondeni ukiwa bado unaweza kusema."

Semboja akashikwa na hofu. "Mbona nimepata nafuu."

"Hivyo ndivyo wanavyosema wakikaribia," alinong'ona bibi mmoja, na wengine wakaitikia kwa huzuni iliyojaa raha.

Asubuhi iliyofuata Semboja alikwenda mwenyewe zahanati kwa njia ya nyuma. Castory alimpa dawa bila kuuliza neno. Siku ya tatu alikuwa mzima, na watu hawakulipokea vizuri. Wengine walimwambia Mwantumu waziwazi kuwa si uungwana kuwasumbua majirani kiasi kile.

Mchana ule Semboja alikula ugali kwa nyama.

"Baba Yusra, kwani ilikuwa nini?"

"Kitu kikubwa. Kimetoka."

"Castory amepita hapa," alisema Mwantumu. "Ametupa vidonge nyumba nzima, hata wajukuu."

Semboja alinawa, akachukua jembe, akashuka bondeni kupalilia. Awadhi alikuwa ameshachomeka vijiti vinne vya mipaka.