Mwongozo wa Waliolipia

Kila asubuhi wakili yule alimwona jirani yake wa meza akisoma kwenye kompyuta huku anachekelea, na kila asubuhi roho ilimuuma. Walisoma sheria darasa moja, sasa walipanga chumba kimoja juu ya duka la rangi na kuchangia printa. Ila mwenzake alilipia tovuti ya chama cha mawakili: miongozo mipya, mifano ya hati, kila kanuni ikibadilika anajua. Yeye alikuwa na kitabu alichorithi kwa bosi wake wa zamani, kurasa zimeshikwa na mpira. Wivu mtupu, na alijua.

"Dada, umeuona mwongozo mpya wa zuio la dharura?"

"Zamani," alijibu bila kugeuka.

Hakuwa ameuona. Afadhali afe kuliko kuomba kuchungulia.

Mteja wake, fundi cherehani, alikuwa atolewe dukani mchana huohuo. Mwenye nyumba alipandisha kodi ghafla, na zuio la mahakama tu ndilo lingemwokoa. Yeye na fundi wakapanga foleni masjala ya mahakama, mwenzake nyuma yao na hati zake, mpaka jua likawa utosini.

Karani alipekua hati, akazisukuma nje ya dirisha.

"Cheti cha usuluhishi kiko wapi?"

"Cheti gani tena?"

"Wakili, soma mwongozo."

"Umebandikwa wapi?"

"Haubandikwi. Uko kwenye tovuti ya chama chenu, kwa waliolipia."

"Yaani mahakama ya umma, kanuni zake za kununua?"

"Mama, mimi karani tu. Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa mwenzake. Hati zake ziligongwa mhuri chapchap, na karani akapata hata nafasi ya kumsifia tai. Tai yenyewe mbaya.

"Si ulisema umeuona?" mwenzake alimnong'oneza. "Cheti unachukua ofisi ya usuluhishi, hapo ng'ambo. Wanafunga saa sita. Ungeniambia tu, dada yangu."

Saa sita ilishapita. Simu ya fundi ikalia. Alikuwa mkewe: vyerehani vimetupwa barabarani, na mvua inanyemelea.

Fundi hakufoka. Alimgeukia yule mwenye tai.

"Samahani kaka, unapokea wateja wapya?"

Mwenzake aliinamisha macho. Dada mwenyewe akatoa faili la fundi kwapani, akampa mwenzake. Kijicho kilimchoma kuliko aibu, akawatazama wakishuka ngazi bega kwa bega.

Kisha hakwenda ofisini. Alikaa kwenye benchi kando ya dirisha la masjala, pale foleni inapoanzia.

"Mama, unangoja nini tena?" karani aliuliza.

"Sikungoji wewe." Akamgeukia bibi mmoja aliyeshika karatasi za kuhamishwa nyumbani. "Mama yangu, ni zuio? Cheti cha usuluhishi unacho?"

"Cheti gani, mwanangu?"

"Wewe!" karani akapaza sauti. "Hayo ni ya waliolipia!"

"Kesho asubuhi anzia ofisi ya usuluhishi, hapo ng'ambo," alimwambia bibi, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Wanafunga saa sita."