Bonyeza Mbili

Watu waliendelea kumwita Kinyozi hata baada ya mikono kuanza kutetemeka na yeye kuuweka mkasi chini. Enzi zake, aliyekalia kiti chake alinyolewa na kupigishwa soga kwa bei moja, na wapo waliodai kwamba walifuata soga tu, maana nywele alikuwa anaziharibu. Sasa mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, binti yake wa pekee yuko ng'ambo anatuma salamu kwa ujumbe wa sauti, na mdomo wote ule hauna mteja. Kuna siku jua lilizama hajatamka neno. Upweke ulimchoma, na hakuwa na wa kumwambia.

Ndipo zahanati ilipoanzisha utaratibu mpya kwa wagonjwa wa presha. Kila asubuhi simu inalia, na sauti iliyorekodiwa inasema: kama umekunywa dawa, bonyeza moja, kama bado, bonyeza mbili. Kinyozi alijaribu kuipigisha soga, akaiuliza imeamkaje. Ikarudia maneno yale yale bila hata kukohoa.

Siku moja kidole kiliteleza, kikabonyeza mbili. Hajamaliza kujilaumu, simu ikalia tena, na safari hii alikuwa binadamu, nesi wa zahanati. Alimpa shikamoo, akamuuliza kulikoni, akacheka mzee alipomtania kuhusu usingizi wa uzeeni. Kinyozi akaona haya kusema kwamba dawa alikwisha kunywa. Nesi akamwambia achukue kidonge ameze, yeye anasubiri hapo hapo kwenye simu.

Sasa, Kinyozi hakuwa mwongo. Kubonyeza mbili hakukuhesabu kuwa uongo, kwani kidole si ulimi, lakini kumwambia mtoto wa watu "nimemeza" na kinywa kitupu, hilo lilimshinda. Akameza kidonge cha pili. Nesi akamsifu, na mzee akashinda siku nzima anatabasamu peke yake.

Kesho yake kidole hakikuteleza. Alibonyeza mbili kwa makusudi. Keshokutwa vivyo hivyo. Ikawa anameza kimoja kwa ajili ya presha na kimoja kwa ajili ya maongezi, mpaka asubuhi moja alipoinuka kitini, dunia ikamzunguka, akaanguka mzimamzima. Majirani walisikia kishindo wakamkimbiza zahanati.

Daktari alikuna kichwa. Mgonjwa ambaye kila asubuhi hajanywa dawa mpaka asukumwe, presha yake imeshukaje hivi? Akaanza kuzungumzia kumpeleka hospitali kubwa, pengine moyo ndio umechoka. Alipotoka, nesi aliyekuwa amesimama kando alivuta pazia akaketi ukingoni mwa kitanda. Mzee aliitambua sauti yake kabla ya kumtazama usoni.

"Baba, kwa siku unameza vingapi?"

Kinyozi alijua kwamba akisema kweli, simu zimekwisha. Alitazama dari kidogo, kisha akasema kweli, yote.

Machozi yalimlengalenga nesi. "Ungekufa, baba. Na mimi ndiye niliyekuwa nakunywesha."

"Nikibonyeza moja, hutanipigia."

"Sitakupigia," alisema, maana naye hakuwa mwongo. "Niko peke yangu kwenye hiyo simu. Hawa wa mbili tu wananielemea, na wengine kweli hawajanywa."

Alipopata nafuu walimruhusu. Asubuhi iliyofuata alimeza kidonge kimoja, akafunga kopo, akakaa na simu mapajani. Ilipolia, kidole gumba kilisita juu ya mbili. Akamfikiria mtu asiyemjua, aliyesahau dawa kikwelikweli, anamsubiri nesi, na nesi yuko anacheka na kinyozi mstaafu. Roho ilimuuma. Akabonyeza moja.

Sauti ikamshukuru, ikamtakia siku njema.

"Na wewe pia, mwanangu," alisema Kinyozi, ingawa simu ilikuwa imeshakatika.